Kutoka baraza hadi uani: Mwongozo wa kubuni nyumba za jumuiya katika mji uliobanana

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya watu hao wanaishi katika nyumba za chini zilizosogeleana, ambazo kwa mazoea huitwa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, bafu, choo na kamba za nguo. Ardhi inapopanda bei nyumba hizo huvunjwa, na mahali pake mara nyingi huota ghorofa lisilo na baraza wala uani. Mbunifu anayetaka kuonyesha kwamba anajali utamaduni huongeza tao juu ya madirisha na mlango wa nakshi kwenye lango kuu, kisha akaona kazi imekwisha.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kinachostahili kurithiwa ni zile hatua za faragha zinazomtoa mtu njiani na kumfikisha jikoni, pamoja na namna nyumba ilivyopata kivuli na upepo bila kutegemea umeme. Nakshi zinaweza kuja baadaye, fedha zikibaki.

Ili maelezo yasielee hewani, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie viwanja sita vinavyopakana, kila kimoja mita 15 kwa 20, katika mtaa kama ile ya Magomeni, Ilala au Temeke. Vikiunganishwa vinatoa eneo la mita 40 kwa 45, yaani mita za mraba 1,800, huku upande mrefu ukitazama barabara iliyo kaskazini. Kila kiwanja kina nyumba ya vyumba sita, na kila chumba kina kaya yake, kwa hiyo kaya zote ni 36. Vipimo hivi ni vya kujifunzia, na kila kundi litaweka vyake.

Hatua ya kwanza: tambueni ni nani mwenye mradi

Katika mfano wetu wenye hati au leseni za makazi ni sita tu, ilhali wanaolala pale ni kaya 36. Mradi ukiwaita wale sita peke yao, utajenga nyumba nzuri na kuwafukuza wapangaji kwa mkono uleule. Jambo hili linapaswa kuamuliwa kabla ya msanifu kushika kalamu, kwa sababu idadi na ukubwa wa nyumba vinategemea ni akina nani watakaorudi.

Njia iliyo wazi kisheria ni kuunda chama cha ushirika wa nyumba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kikasajiliwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Wenye viwanja huingiza ardhi kama mchango wao, wapangaji huingiza akiba ya kila mwezi, na mkataba huandika thamani ya kila mchango. Jengo likishakamilika, sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila kaya kupewa hati ya sehemu yake, huku ngazi, paa, ua na mifumo ya maji vikibaki mali ya wote. Ni vyema wanachama wakaamua mapema kama watachukua hati hizo mmoja mmoja au wataacha umiliki mikononi mwa chama. Hati binafsi humpa mtu dhamana ya mkopo, lakini pia humpa uhuru wa kumuuzia mgeni mwenye fedha nyingi, na baada ya miaka kumi mtaa ukawa si wao tena. Kwa maoni yangu, kifungu kinachokipa chama haki ya kwanza ya kununua ni lazima kiwemo katika kanuni.

Ipo mifano miwili inayofaa kutazamwa. Familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijikusanya katika vikundi vya kuweka akiba, zikanunua ardhi Chamazi na kujifyatulia matofali. Nguvu yao ilitokana na akiba iliyotangulia, na udhaifu ukawa umbali na mjini, ambako ndiko riziki iliko. Magomeni Kota, zilizozinduliwa Machi 2022 kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapohapo, zinaonyesha kwamba wakazi wa nyumba za chini wanaweza kurudishwa palepale katika maghorofa, ingawa hapo mjenzi alikuwa Serikali. Mradi wa jumuiya unajaribu kuunganisha yote mawili: akiba ya watu wenyewe na ardhi ileile ya mjini.

Hatua ya pili: pimeni siku nzima ya mtaa

Orodha ya mahitaji inayopatikana kwa kuuliza watu kikaoni huwa fupi na yenye adabu nyingi. Watu husema wanataka vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Hawataji kwamba mama ananunua samaki alfajiri na kuwakaanga uani kabla ya kuwapeleka kibarazani, kwa kuwa kwao ni jambo la kila siku lisilohitaji kutajwa. Kwa hiyo timu ya wanachama wachache, wanawake kwa wanaume, itembee katika kila nyumba kuanzia alfajiri hadi usiku ikiandika kinachofanyika, mahali kinapofanyika, kwa muda gani, na ni nani asiyepaswa kukiona.

Mambo haya yasikosekane katika daftari: moto wa kupikia ni wa mkaa au wa gesi, na wanaopika wanakaa chini au wanasimama, nguo zinafuliwa kwa beseni wapi na zinaanikwa wapi, biashara zipi zinafanyika barazani, wazee wanakaa upande gani wa jua, watoto wanacheza wapi wakati wa mvua, bodaboda na mikokoteni inalala wapi. Kisha yaandikwe matukio yasiyo ya kila siku. Ukitokea msiba, turubai linafungwa wapi, majamvi yanatandikwa wapi, wanawake wanakaa upande upi, masufuria makubwa yanawekwa wapi, na jeneza linapitaje mlangoni? Swali hili la mwisho linaonekana la huzuni, lakini ndilo linaloamua upana wa ngazi: kona za ngazi zinapaswa kugeuka bila mtu kulazimika kuliinamisha jeneza, na kipimo hicho pia kinatosha kumshusha mgonjwa kwenye machela.

Hatua ya tatu: someni jua, upepo na maji ya kiwanja

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini, likiwa juu kwa takriban nyuzi 60, na mwezi Desemba huwa kusini, likiwa karibu nyuzi 73. Maana yake ni kwamba kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi: dirisha lenye kimo cha mita 1.2 linahitaji ukingo wa sentimita 70 hivi ili jua la mchana lisiingie. Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huja kwa chini na kupita chini ya ukingo wowote. Hivyo majengo yetu yalazwe kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, na ncha zake mbili zipewe ngazi, stoo na kuta zisizo na madirisha makubwa.

Mlalo huohuo ndio unaopokea upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka, na kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, wakati ambao joto na unyevu hukaba zaidi. Chumba kinachopata matundu pande zote mbili kitanufaika na pepo zote mbili. Chumba chenye dirisha moja kitahitaji feni mwaka mzima.

Kuhusu maji, msiamini ramani pekee. Waulizeni wazee maji yalifika wapi katika masika mabaya, mkaweke alama ukutani, na sakafu ya chini iinuliwe juu ya alama hiyo. Kiwanja kikiwa ndani ya bonde la Msimbazi au kwenye mkondo wa asili wa maji, acheni na mtafute kingine.

Hatua ya nne: pangeni ukubwa wa jengo kwa hesabu ya ua

Kosa la kawaida ni kujaza kiwanja kwanza, kisha ua ukatokana na kilichobaki. Anzeni na ua. Tukiacha mita tatu kila upande wa mpaka, kwa kuthibitisha na halmashauri kama inataka zaidi, tunabaki na mita 34 kwa 39. Tukiweka majengo mawili sambamba, kila moja likiwa na kina cha mita tisa na urefu wa mita 39, katikati panabaki ua wenye upana wa mita 16. Jengo la sakafu nne, yaani ya chini na tatu juu yake, lina kimo cha mita 12 hivi, kwa hiyo ua ni mpana kuliko kimo cha jengo. Mwanga unafika chini, na jirani wa ng'ambo hasomi kilichomo kwenye sahani yako.

Sakafu nne ndizo ninazozipendekeza kwa makundi ya kipato cha chini, kwa kuwa zinapandika kwa miguu. Lifti huwa haimshindi mtu kununua, humshinda kuitunza. Wazee na walemavu wapewe nyumba za sakafu ya chini, na jambo hilo liandikwe katika kanuni, lisiachwe kwa huruma ya kamati itakayokuwapo.

Hesabu inakwenda hivi. Kila jengo linakalia mita za mraba 351, yote mawili 702, ambazo ni asilimia 39 ya kiwanja. Sakafu nne zinatoa mita 2,808. Tukitoa sakafu ya chini ya jengo la mbele kwa ajili ya maduka, ukumbi na baraza, zinabaki 2,457. Tukitoa robo kwa ajili ya ngazi, veranda na kuta, tunapata karibu mita 1,840 za kuishi. Hizo zinatosha nyumba 12 za mita 36 kwa ajili ya waliokuwa wakipanga chumba kimoja, nyumba 16 za mita 51, na nyumba nane za mita 74 kwa familia kubwa na kwa wenye viwanja watakaotaka chumba cha kupangisha. Kaya ikiwa na watu watano kwa wastani, ni watu 180 kwenye hekta 0.18, yaani 1,000 kwa hekta, bila mnara wowote.

Hatua ya tano: pandisheni baraza na uani hadi juu

Hapa ndipo kazi ya ubunifu ilipo, na ndipo miradi mingi ya maghorofa iliposhindwa. Majumba marefu ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliwapatia wakazi nyumba za kudumu zenye huduma ndani, lakini uani wa nyumba za chini za mtaa wa Ng'ambo haukupata mrithi ndani yake.

Fuateni njia ya mtu anayetoka barabarani. Kwanza anakutana na baraza la mtaa: benchi la zege lenye kimo cha sentimita 45 na kina cha 60, likipita mbele ya maduka yote chini ya kivuli cha sakafu ya kwanza. Hapa anakaa yeyote, hata asiye mwanachama, na muuza kahawa hapati wa kumfukuza. Kisha kuna lango lenye kona: mtu anaingia, anapinda, ndipo anauona ua. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zilitumia ujanja huu kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na ukumbi wa kuingilia ili macho ya mpita njia yasifike ndani, na hautugharimu chochote ila ukuta mmoja. Ua ndio uani wa wote, wenye miti ya kivuli, karo za kufulia, jiko la shughuli lenye paa na nafasi ya turubai. Uwekeni ndani kabisa, wala msiruhusu magari kulala humo, maana gari likishazoea kulala mahali watoto hawaparudii.

Veranda za kuingilia nyumba ziwe upande wa ua, zenye upana wa mita 1.5, na mbele ya kila mlango ukuta urudi ndani sentimita 60 ili pawe na kibaraza cha kukaa bila kuziba njia. Milango isitazamane. Ndani, sebule iwe jirani na mlango, na mgeni aweze kukaa, kula na kunawa bila kupita mbele ya vyumba vya kulala. Mwisho kabisa, upande wa nje, liwe jiko na roshani ya mita 1.5 kwa tatu yenye bomba na tundu la maji sakafuni: huu ndio uani wa juu. Anayepika kwa mkaa atapikia hapo moshi utoke nje, mtungi wa gesi utasimama hapo, na nguo zitaanikwa hapo. Ikingwe kwa matofali yenye matundu hadi kimo cha mtu aliyesimama, hasa katika jengo la mbele ambalo roshani zake zinatazama barabara. Matundu hayo yanapitisha upepo na kuzuia macho. Wapo wasanifu watakaolalamika kwamba nguo zinazoning'inia zinaharibu sura ya jengo. Ruhusuni walalamike.

Jambo moja dogo husahaulika hadi mafundi wa bomba wamekwishamaliza. Waislamu wengi hawapendi choo kinachomfanya mtu aelekee au akipe mgongo kibla. Kutoka Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini kamili, hivyo mabakuli yote ya choo yaelekee mashariki au magharibi. Likiamuliwa kwenye mchoro halina gharama yoyote.

Kabla ya michoro kukamilika, chukueni chokaa mkachore nyumba moja ya kila aina juu ya kiwanja cha mpira kwa vipimo vyake halisi. Ingizeni kitanda, kabati, majiko na meza, simamisheni kanga au mabati mahali pa kuta, kisha wanachama wapite humo, wakae chini wakoroge ugali wa kuigiza. Mabadiliko ya siku hiyo moja yanafutwa kwa ufagio.

Hatua ya sita: chagueni vifaa vinavyostahimili chumvi

Nguzo na mihimili ya zege ibebe jengo, na kuta zijazwe kwa matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaendeleza kwa miaka mingi. Hayachomwi kwa kuni, na kazi ya kuyafyatua inaweza kufanywa na wanachama kama mchango wa nguvu kazi. Udongo upimwe kwanza, kwani wenye mfinyanzi mwingi hupasuka.

Mchanga usitoke ufukweni kwa hali yoyote: chumvi yake hula nondo kimyakimya, na dalili huonekana zege likianza kubanduka. Zege linalofunika nondo za nje liwe nene, milimita 40 au zaidi kadiri mhandisi atakavyosema. Boriti za mikoko, zilizoamua upana wa vyumba vya mawe vya pwani kwa karne nyingi, zisitumike. Misitu hiyo ni hifadhi na ndiyo kinga ya fukwe. Kinachoweza kurithiwa kutoka enzi hizo ni plasta ya chokaa, inayopumua unyevu kuliko ya saruji tupu.

Michoro isainiwe na wataalamu waliosajiliwa na bodi zao, ile ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi na ile ya wahandisi, na kibali kitolewe na halmashauri. Zimamoto waone michoro mapema, ngazi ziwe mbili, na gari lao liweze kufika uani.

Hatua ya saba: maji safi na majitaka

Kwa lita 80 kwa mtu kwa siku, watu 180 wanatumia lita 14,400. Akiba ya siku mbili ni karibu lita 29,000, na matangi hayo yawe sehemu chini na sehemu juu ya paa, yakisukumiwa maji kwa pampu ya umeme wa jua. Mvua ya Dar es Salaam ni takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Paa la mita 702, tukichukulia kwamba tunapoteza moja ya tano, linakusanya karibu lita 618,000, yaani lita 1,700 kwa siku kwa wastani. Hiyo ni kama asilimia 12 tu ya mahitaji, na huja kwa vipindi vya vuli na masika. Kwa hiyo msiuze mradi kwa ahadi ya kujitegemea kwa mvua. Itumieni kufulia, kusukumia choo na kumwagilia miti, na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yabaki kwa kunywa na kupikia.

Pale pasipo na bomba la majitaka la jiji, jengeni tangi la vyumba viwili au vitatu, likifuatiwa na bustani ya kokoto na matete inayochuja maji kabla hayajaingia ardhini. Tangi liwe mahali ambapo gari la kunyonya linafika bila kuvuka ua.

Hatua ya nane: jengeni kwa awamu, andaeni matunzo

Jengo la nyuma lianze, wakati kaya za upande wa mbele zikiendelea kuishi katika nyumba zao. Kaya zilizovunjiwa zikodishiwe karibu, kwa fedha iliyotengwa ndani ya bajeti. Msihangaike kumalizia kila kitu. Fremu, paa, ngazi, kuta za nje, maji na choo vikamilike kwa viwango. Kuta za ndani, vigae na makabati kila kaya imalizie kwa uwezo wake. Kila nyumba iwe na mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na ngazi, pampu na taa za ua viwe na mita ya chama.

Kodi za maduka ziingie kwenye mfuko wa matunzo, ambao hautaguswa kwa jambo jingine, na mchango wa kila kaya uongezewe juu yake. Kalenda ya matunzo ni fupi: mifereji ya paa isafishwe mwezi Februari kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli, matangi yaoshwe mara mbili kwa mwaka, tope la majitaka lipimwe kila mwaka, vyuma vya nje vipakwe rangi kabla kutu haijaota. Michoro ya mabomba na nyaya, kama vilivyowekwa hasa na si kama vilivyopangwa, itunzwe nakala mbili, moja kwa katibu na nyingine ukutani katika chumba cha pampu, ili fundi anayekuja kutafuta mvujo ajue pa kutoboa.